Uzoefu wangu wa Mombasa: panga siku kwa maji na kwa jua

Mombasa inastahili siku tatu kamili, na kinachoamua kama mgeni ataondoka ameridhika ni saa anazotoka, kuliko hata hoteli anayolala. Mji huu unaendeshwa na vitu viwili: maji ya bahari na jua la adhuhuri. Anayeshuka ufukweni maji yakiwa yamepwa, kisha akaingia ngome ya Fort Jesus saa saba mchana, atakanyaga mwani asubuhi na kuungua kichwa mchana. Akigeuza ratiba hiyo atafurahia vyote viwili kwa pesa zilezile.

Anza na maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi kuandama na tena baada ya mwezi kumi na nne, tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi jioni na hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na hupwa alasiri, na tofauti yenyewe ni ndogo. Kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani mwa duka lolote la Mji wa Kale itakupa picha hiyo. Saa kamili zithibitishe kwa jedwali la maji la bandari ya Kilindini, linalopatikana kwenye intaneti.

Kuogelea kwenye fukwe za Nyali, Bamburi na Shanzu napendekeza kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baada yake. Bamvua ikipwa, eneo lote kati ya ufuo na mwamba hubaki na maji ya magotini, mwani, na wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Miiba yao hukatikia ndani ya ngozi na ni kazi kuitoa, kwa hiyo usiingie bila viatu vya mpira. Kosa la upande wa pili ni kutembea ufukweni bamvua ikiwa imejaa. Sehemu nyingi za Nyali na Bamburi, mchanga humezwa wote na mawimbi hupiga kuta za hoteli, na mtu anaweza kubanwa kati ya ukuta na bahari bila pa kutokea. Na maji yanapopwa, kaa mbali na milango ya mwamba, yaani mapengo yanayopitisha maji, na midomo ya vijito vya bahari kama Mtwapa, kwa kuwa mkondo wa kutoka ni mkali hata kwa anayejua kuogelea.

Mashua ya kioo, ile yenye sakafu ya kioo ya kutazama matumbawe, ni kinyume chake: hiyo ni shughuli ya maji kupwa. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa 1986, iko mbele ya fukwe hizohizo za kaskazini. Matumbawe huonekana vizuri maji yakiwa machache juu yake na jua likiwa limepanda. Nahodha akikuambia muondoke saa kumi jioni siku ya bamvua, anataka kujaza mashua tu. Mwambie mwende asubuhi. Kabla ya kupanda, uliza mambo manne waziwazi: bei ni ya mtu au ya mashua nzima, ada ya hifadhi imo au haimo, miwani ya kuzamia imo au haimo, na mtakaa kwenye mwamba kwa muda gani. Malalamiko mengi ya wageni hutokana na ada ya hifadhi kudaiwa wakishafika katikati ya maji. Ada hiyo hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na tangu 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja ni marufuku ndani ya hifadhi, hivyo beba maji kwenye chupa ya kudumu. Usinunue makombe wala vipande vya matumbawe hata ukibembelezwa vipi. Kila kipande kinachouzwa kimeng'olewa mahali, na mwamba huo ndio unaoukinga ufuo na mawimbi.

Msimu nao una neno. Kaskazi, hasa Januari hadi Machi, huleta maji matulivu na maangavu, pamoja na joto kali. Kusi inapovuma, bahari huchafuka, mwani hurundikana ufukweni, na mashua ya kioo haikupi cha maana. Mwezi wa Mei mvua ya masika ikiwa nzito, mimi ningeelekeza pesa zangu mjini badala ya baharini.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, maarufu kama Pirates, hauna kiingilio. Jumapili na sikukuu hufurika. Watoto wakikodiwa maboya wakati maji yanapwa, washikwe. Boya husogea nje kimyakimya.

Sasa mji wenyewe. Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi, na hapo ndipo uwe langoni, simu yako ikiwa tayari kwa malipo. Uwanja wa ndani hauna kivuli, na kufika saa tano kuta za matumbawe zinarudisha joto. Ngome ilijengwa na Wareno 1593 hadi 1596, mchoro wake ukiwa wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wageni wengi hupiga picha za mizinga na kuondoka. Tafuta michoro ya ukutani ya mabaharia Wareno, merikebu zilizochorwa kwa weusi wa makaa na rangi nyekundu. Kisha ingia chumba chenye vitu vilivyotolewa kwenye merikebu ya Wareno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome 1697 wakati Waomani wameizingira. Mazingirwa hayo yalianza 1696 na kuisha 1698, na ukisimama juu ya ukuta upande wa bahari unaelewa kwa nini aliyekosa njia ya maji alikosa chakula. Nyumba ya Waomani iliyo juu ya boma nayo usiiruke. Tenga saa mbili. Mwongozaji mzuri anafaa pesa yake, ila bei ikubaliwe nje ya lango, na uchague mwenye kitambulisho.

Ukitoka, ingia Mji wa Kale kwa miguu kupitia Ndia Kuu hadi Msikiti wa Mandhry na bandari ya kale. Funika mabega na magoti. Milango ya nakshi ipige picha, watu waombe ruhusa, na bandarini weka kamera mfukoni. Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa. Mwezi wa Ramadhani usitegemee chakula cha mchana huko, lakini baada ya futari mitaa huchangamka kuliko wakati wowote wa mwaka, na huo ndio usiku ningemwombea mgeni wangu.

Chakula kina saa zake pia. Mahamri na mbaazi za nazi ni za asubuhi. Ukichelewa hadi saa nne utakuta sufuria tupu. Jioni nenda bustani ya Mama Ngina, kando ya mibuyu, ukale mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, na dafu pembeni. Chagua anayekaanga mbele yako. Mihogo iliyopoa hukauka na pilipili haiwezi kuiokoa. Viazi karai vitake na ukwaju. Kahawa chungu ya dele, yaani birika la shaba, inywe na kashata au halua, katika vikombe vidogo, bila haraka.

Sanamu za pembe za ndovu zilizo Moi Avenue ni za dakika kumi. Magari hayasimami kwa ajili ya picha yako.

Feri ya Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, na kuvuka mara moja kuona meli kubwa zikiingia Kilindini kunafaa kabisa. Epuka asubuhi na jioni, msongamano wa wafanyakazi ni mkubwa na simu huchomolewa. Mwenye gari anayekwenda Diani apite barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri.

Haller Park ya Bamburi ndiyo ninayoipendekeza kwa familia. Ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, hadi upandaji ulipoanza 1971. Mvinje ndiyo iliyoshika, na jongoo walioletwa wakaanza kusaga majani yake magumu kuwa udongo. Leo ni msitu wenye viboko na makobe. Twiga hulishwa kwa mkono kwa saa maalumu. Uliza ratiba langoni kabla ya kulipa. Paka dawa ya mbu.

Leso nunua Biashara Street. Huuzwa doti, vipande viwili pamoja, na mafundi walio jirani hukata na kupinda kingo ukisubiri. Soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kabla ya kumnunulia mtu zawadi, maana mengine ni ya kuchokozana.

Tuktuk patana bei kabla ya kukaa. Matatu za Nyali na Bamburi hupatikana karibu na Posta, Digo Road. Tikiti ya treni ya SGR ikate mapema kwa *639#, hasa shule zikifungwa, na jina lilingane na kitambulisho. Stesheni iko Miritini na ukaguzi wa mizigo ni mrefu, uwe umefika angalau saa moja kabla. Foleni ya magari ya Changamwe, njiani, haitabiriki, hivyo kutoka katikati ya mji ongeza saa moja na nusu juu ya hiyo.