Kriminolojia chuo cha umma: naipa nne kwa tano

Niseme mapema, kama unaenda kusoma kriminolojia ukidhani utafundishwa kupima damu na kufukuzana na majambazi, siyo hii kozi. Alama za vidole ni mambo ya maabara, upelelezi unafunzwa polisi. Huku unasoma kwa nini watu wanavunja sheria, hiyo sheria kaitunga nani, na adhabu inamfanya nini mtu. Wenzetu kadhaa walishtukia hilo semista ya pili wakahama kozi, na sikuwalaumu.

Mwaka wa kwanza ni nadharia tu. Unakutana na Beccaria, mwanafikra Mwitaliano wa 1764, anayesema adhabu ya uhakika inazuia uhalifu kuliko adhabu kali, halafu anakuja Lombroso, daktari Mwitaliano, 1876, na imani yake kwamba kuna watu wamezaliwa wahalifu na utawajua kwa taya na fuvu, huyo alinikasirisha sana manake mpaka leo watu wanashukiwa kwa sura tu. Tulipofika kwa Sutherland, mwanasosholojia Mmarekani wa 1939, na uhalifu wa watu wa ofisini, wenye tai na heshima zao, hapo ndo nikaipenda kozi.

Ila kilichonibadilisha ni somo la takwimu, lile wengi wanalikimbia. Siku moja lekchara akatugawia vikaratasi, usiandike jina, andika umeibiwa mara ngapi maishani na mara ngapi ulienda kuripoti. Vikakusanywa, mmoja anasoma mwingine anachora vijiti ubaoni. Upande wa kuibiwa vijiti vikashuka mpaka chini ya ubao, upande wa kuripoti havikumaliza hata mstari mmoja. Ukumbi mzima kimya. Akatuambia hilo pengo ndo uhalifu usioonekana kwenye faili za polisi, na ndo sababu Marekani tangu 1973 wanafanya utafiti wa kuwauliza wananchi wenyewe nini kimewapata. Tangu siku ile nikisikia uhalifu umepungua nauliza kwanza, umehesabiwa na nani?

Ubaya upo. Tulikuwa wengi mno, na supavaiza wangu alibeba wanafunzi kuliko uwezo wake, sura ya pili ya projekti yangu ilikaa kwake wiki saba ikarudi na alama moja tu ya kuuliza pembeni, basi. Hiyo nyota moja nimeikata hapo. Walimu wenyewe darasani walikuwa wazuri kweli, na ada ni nafuu ukilinganisha na vyuo binafsi.

Kazi zipo ila hazikusubiri mlangoni: magereza, probesheni (kuwasimamia waliohukumiwa wakiwa nje ya jela), vitengo vya udanganyifu kwenye mabenki, mashirika ya watoto waliokinzana na sheria. Ukitaka kuhoji wafungwa kwa ajili ya projekti, barua ya kibali anza kuihangaikia mwaka wa pili. Mimi niliandika mwaka wa tatu, jibu la kukubaliwa likaja nimeshafanya mtihani wa mwisho.