Kituo cha afya cha serikali, Moshi mjini: tulihudumiwa vizuri mpaka dirisha la dawa

Jumatatu nilimpeleka mama yangu, mwenye miaka 78, kliniki ya presha kwenye kituo kimoja cha afya cha serikali hapa Moshi. Mimi nilikuwa diwani wa viti maalum kwa kipindi kimoja katika halmashauri moja ya mkoa huu, kwa hiyo kila nikiingia kituoni naangalia mgonjwa anavyopokelewa na naangalia pia fedha zilivyotumika.

Tulitoka Pasua kwa bajaji, saa moja na nusu tukawa getini. Mapokezi ni mazuri, nasema hivyo kwa moyo mweupe. Dirisha la wazee lipo na mama alitangulizwa kweli. Muuguzi, binti mdogo tu, alimwamkia "shikamoo bibi", akamkalisha na kumwacha apumue kama dakika tano kabla ya kumfunga kipimo. Wengi hupima mtu akiwa bado anahema. Presha ilisoma 168 kwa 95.

Daktari alimuuliza kama anameza dawa kila siku. Mama akajibu kwamba anavikata vidonge nusu ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Nilishtuka. "Mae, mbona hukuniambia?" Akasema, "Ungekwenda kukopa." Daktari hakumgombeza. Alimweleza taratibu kwamba nusu kidonge haishushi presha yake, akaandika dawa mbili za mwezi mzima.

Dirishani tukapewa amlodipini ya wiki mbili. Losatani, ile dawa ya pili, hakuna. Tukaandikiwa kikaratasi tukanunue nje, na duka la dawa liko ng'ambo ya barabara. Nilitoa shilingi 9,000. Mama mmoja tuliyekaa naye benchi, muuza ndizi wa soko la Mbuyuni, alikunja kikaratasi chake, akakifunga kwenye pindo la kanga, akashika njia ya nyumbani. Dukani hakwenda.

Mfamasia simlaumu. Kituo huagiza dawa Bohari ya Dawa, yaani MSD, na kisichopatikana huko kinapaswa kununuliwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuviuzia vituo. Ila mshitiri anataka kulipwa, na hapo ndipo akaunti ya kituo inapoulizwa ina nini. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na huo ni utaratibu mzuri sana, kwa sababu zamani zilikuwa zinapitia halmashauri na kuchelewa njiani. Juu yake kuna malipo ya papo kwa papo, bima, na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya ya watu sita ilikuwa inachangia 30,000 kwa mwaka mzima. Gawanya hizo kwa watu sita na miezi 12 uone kila mmoja anabakiwa na kiasi gani cha dawa.

Kisha kuna msamaha. Sera inasema wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo watibiwe bure, nami naiunga mkono kwa nguvu zote. Lakini kidonge anachopewa mzee bure kimenunuliwa, na kama hakuna aliyekilipia, kituo ndicho kinachobeba deni. Kwenye halmashauri niliyokuwa diwani tulizungumzia majengo kikao baada ya kikao, na mimi mwenyewe nililipigania jengo la wazazi mpaka likapauliwa. Fedha ya kufidia msamaha wa wazee sikuisimamia kwa bidii ile. Najutia hilo.

Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Sisi bado tuko chini ya hapo. Bima ya Afya kwa Wote ilipata sheria yake mwaka 2023, na niliisubiri kwa hamu, ila kadi itamfaa mama siku dawa itakapokuwepo dirishani.

Kabla ya kuondoka nilisimama kwenye ubao wa matangazo. Taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa ilikuwa ya mwaka jana, karatasi imeshapauka. Nilimuuliza mganga mfawidhi kwa adabu. Akasema kamati ya usimamizi ya kituo imemaliza muda wake na mpya haijachaguliwa. Hiyo kamati ndiyo yenye wananchi ndani, ndiyo inayopaswa kukubali matumizi kabla fedha haijatoka! Nimeshamwandikia mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, na fomu ya kugombea nitachukua.

Usafi ni mzuri, vyoo vina maji, majibu ya maabara tulipata chini ya saa moja. Nikipewa nyota tano nawapa tatu, na mbili zilizobaki ni za dirisha la dawa. Mama anarudi mwezi ujao. Tutafika saa moja na nusu ile ile, na nitaanzia kwenye ubao.