Kozi ya historia ya Kanisa la mwanzo, Nsambya, Kampala: njoo kwa ajili ya Jumamosi ya pili

Ada ni shilingi 40,000 kwa Jumamosi nne, saa nane hadi saa kumi, na yote hufundishwa kwa Kiswahili. Inawafaa zaidi makatekista wanaoulizwa kila mara Ukristo ulidumu vipi katika miji ya Dola la Roma bila ulinzi wa serikali.

Jumamosi ya pili usiikose. Inagawiwa orodha ya mali iliyokamatwa na serikali kanisani Cirta, leo Constantine huko Algeria, tarehe 19 Mei 303: vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, kanzu 82 za kike na 16 za kiume, viatu vya kike jozi 47, vya kiume 13. Darasa linaachwa lihesabu lenyewe. Nguo za kike zinazidi za kiume mara tano! Hiyo ni stoo ya kuvisha wahitaji, wajane wakiwa mbele. Kisha inasomwa barua ya Askofu Cornelius wa Roma, mwaka 251: mapadre 46, mashemasi 7, wajane na maskini zaidi ya 1,500 wakitunzwa na kanisa. Aliyewahi kuugua Kampala kwenye chumba cha kupanga, mbali na ukoo wake, ataelewa upesi kwa nini watu walijiunga.

Jumamosi ya tatu ni nyumba ya Dura-Europos, Syria: ukuta kati ya vyumba viwili ulibomolewa ili kupata ukumbi, chumba kingine kikajengewa birika la ubatizo. Somo zuri, ila ramani imetolewa fotokopi mpaka mistari imefutika. Omba utumiwe kwa WhatsApp.

Ya nne inapotosha. Madhulumu yanafundishwa kama moto wa miaka 300 usiozimika, na makatakombe, yale mapango yaliyochimbwa chini ya ardhi kule Roma, kama maficho. Yale yalikuwa makaburi, na serikali iliyajua vizuri: mwaka 257 Kaisari Valerian alipiga marufuku Wakristo kuingia makaburini mwao. Kabla ya Kaisari Decius (249–251) madhulumu yalizuka mji mmoja mmoja, na kati ya 260 na 303 palikuwa na utulivu wa miaka 40 hivi. Kwa anayehiji Namugongo, walikouawa mashahidi wa Uganda, kila tarehe 3 Juni, kosa hili si dogo: atatoka akiwajua mashahidi tu, asiwajue mashemasi waliogawa zile kanzu.

Na Wakristo waliotoa sadaka kwa miungu kwa hofu, kisha wakaomba kurudi, suala lililomhangaisha Askofu Cyprian kule Carthage, leo Tunisia, wanapewa dakika kumi za mwisho. Lilistahili Jumamosi yake.