Waifai ya Maktaba Imekamata Lakini Haifungui? Fanya Hivi

Wadau, karibuni. Leo siyo simu wala spika, leo nachambua waifai ya maktaba ya umma. Nipo kwenye maktaba moja mkoani na nimeshakasirika. Mambo ya spidi mnayajua, tuyaache. Mimi nina ugomvi na huu ukurasa wa kuingilia.

Tazameni skrini. Waifai imekamata, alama imejaa, intaneti hakuna. Ule ukurasa wa kuomba namba ya uanachama hautokei! Dada wa kaunta ananiambia, "Zima uwashe, kaka." Nazima, nawasha. Hola.

Sasa angalieni. Simu ikijiunga hutuma ombi dogo mtandaoni, mtandao wa maktaba unalidaka na kukuletea ukurasa wake. Ukiwa umewasha VPN, ile programu ya kupitisha intaneti yako njia ya siri, ombi linaweza kukwama. Zima. Ingia Mipangilio, tafuta DNS ya Faragha, yaani sehemu ya kuchagua nani aitafutie simu anwani za tovuti. Mnaona? Wengi mliweka humu anwani ya kuzuia matangazo mkasahau. Rudisha Otomatiki. Bado? Fungua kivinjari, andika neverssl.com. Tovuti ya https, yaani yenye mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, haikubali kuchepushwa, utaambulia onyo tu. Hii inafunguka bila https, kwa hiyo inadakwa na… huo hapo! Umekuja! Jamani, kwa nini haya hayajabandikwa ukutani? Karatasi moja tu!

Na ukishaingia, lo, hasira zimeniisha. Nashusha vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bando langu halijaguswa. Mgahawani waifai ipo, ila ununue chai kwanza, na muziki juu. Hapa kimya, na soketi ipo karibu. Kijana wa kidato cha nne asiye na hela ya bando anaihitaji hii kuliko mimi, ndiyo maana ule ukurasa unaniuma. Yeye akikwama mlangoni anarudi nyumbani.

Ila waifai isiyo na nywila inatumiwa na yeyote aliye jirani. Mambo ya benki mimi nayafanya kwa data yangu.

Video ijayo naenda Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Mmeniomba sana, kwa hiyo bonyezeni kengele. Na wewe uliyekwama, niandikie hapo chini aina ya simu yako na umefika hatua gani, nitakujibu.