Masomo ya gitaa la kuabudu kwa mwalimu wa Kisauni: uzoefu wangu

Kama unachotaka ni kujua vidole vinakaa wapi kwenye kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za G, C na D, usimlipe mtu. Video za bure za YouTube zinatosha, na bando utakalotumia halifiki nauli ya kwenda na kurudi. Mimi nililipia masomo ya ana kwa ana kwa sababu nyingine. Kanisani kwetu, hapa Mombasa, hakuna anayekuambia wimbo uko kii gani, yaani umejengwa juu ya sauti ipi. Mama anasimama katikati ya ibada, anaanzisha pambio pale sauti yake ilipoamkia, na wewe mwenye gitaa una mistari miwili ya kumfikia kabla watu hawajaanza kukugeukia.

Mwalimu ni mpiga gitaa wa kanisa aliyegeuza sebule yake kuwa darasa, upande wa Kisauni, si mbali na Kengeleni, pale penye mnara wa kengele ya Frere Town, kijiji ambacho wamishenari wa Kianglikana waliwajengea watumwa walioachwa huru miaka ya 1870. Jina lake silitaji, maana malalamiko ninayo na yanakuja. Saa moja ya peke yako ni shilingi 1,000. Ukikaa kwenye kundi la Jumamosi ni 500. Unalipa kwa M-Pesa kabla hujafungua mfuko wa gitaa.

Somo la kwanza hatukupiga wimbo hata mmoja. Alichukua gitaa langu, akafumba jicho moja na kuchungulia kando ya shingo kama seremala anayekagua ubao, akasema nyuzi ziko juu mno. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) uzi mnene unatakiwa uwe juu ya freti kwa milimita 2 na nusu hivi. Wangu ulikuwa karibu mara mbili ya hapo. Akalegeza nyuzi, akachomoa kile kipande cheupe zinapokalia, akakisugua upande wa chini kwa msasa, akakirudisha, akapima, akakichomoa tena. Akanieleza kuwa unyevu wa Pwani huvimbisha ubao wa mbele, na ubao ukivimba nyuzi hupanda. Siku zote nilidhani maumivu ya vidole ndiyo kujifunza kwenyewe. Kazi hiyo hakunitoza.

Kilichonifanya niendelee kulipa ni somo la kutafuta kii. "Ndugu, weka simu mbali, niimbie pambio lolote." Nikaimba. Akanikatisha, akataka nishike ile sauti ambayo wimbo hutulia ukifika mwisho. Waliopitia kwaya wanaijua, ndiyo do. Basi hiyo do unaitafuta kwenye uzi wa sita, ule mnene: ukiwa wazi ni E, freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 7 ni B, ya 8 ni C. Ukiipata, umepata kii. Halafu kodi ya do inaitwa moja, ya fa inaitwa nne, ya so inaitwa tano, na ya la inaitwa sita, nayo ni maina, kodi yenye sauti ya huzuni kidogo. Mapambio mengi hayatoki nje ya hizo nne. Kwenye G ni G, C, D na E maina. Kwenye A ni A, D, E na F shapu (F iliyopandishwa nusu sauti) maina. Mtu aliyeimba kwa solfa tangu utotoni anagundua kuwa nusu ya kazi ameshaimaliza bila kujijua.

Zoezi lake ni la kuchosha na ndilo bora. Mkewe yuko jikoni anakuna nazi, na wakati wowote akijisikia anaanzisha pambio. Mimi sebuleni natafuta do. Nikichelewa nasikia, "Bado hujanipata?" na mbuzi ya nazi inaendelea kukwaruza. Nikimpata, ubeti unaofuata anapandisha makusudi. Mama huyu hana huruma, na kwa maoni yangu nusu ya ada ingekuwa yake.

Mama huyo anapenda sana A flati (A iliyoshushwa nusu sauti), ambayo kwa mpiga gitaa ni adhabu. Hapo ndipo inapoingia kapo, kibanio kinachokaza nyuzi zote kwenye freti moja. Ukiibana freti ya 1 ukapiga maumbo ya vidole ya G, umepata A flati. Freti ya 2 ni A, ya 3 ni B flati, ya 4 ni B. Akihamia E flati, weka kapo freti ya 3 na upige maumbo ya C. Wako wanaosema kapo ni ya wavivu. Waacheni waendelee kusema.

Kwa nyimbo za kuabudu za polepole alinifundisha jambo dogo ambalo watu wa timu yetu walilisikia kabla sijawaambia. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vinakaa freti ya 3, kwenye uzi wa pili na wa kwanza, na havinyanyuki. Vile viwili vingine ndivyo vinavyohama kutoka G kwenda E maina, kisha C, na kwenye D kinabaki kimoja tu uzi wa tatu. Kodi hizo zina sauti za ziada ndani yake, si zile za kawaida kabisa, lakini sauti mbili za juu zinalia mfululizo na wimbo haukatikikatiki.

Mkono wa kulia ndio tuliokaa nao zaidi. Gumba linashika nyuzi tatu nene, kidole cha shahada uzi wa tatu, cha kati wa pili, cha pete wa kwanza. Ubeti unadonoa hivyo hivyo. Ukikaribia kiitikio unalaza kiganja karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa kwenye ubao wa mbele, ili sauti zifumbe, kisha kiitikio chenyewe unafungua. Watu wakianza kuomba unarudi kwenye gumba peke yake. Na kama kinanda na besi vipo, sauti nene waachie wapigaji wake. Hili alilirudia mpaka likanichosha.

Mapambio ya kusifu yanayokwenda kwa hesabu ya sita, mkazo kwenye moja na nne, aliyafundisha akicheka. Akashusha sauti akaniambia hesabu hiyo ndiyo ya chakacha, ngoma ya harusini, ila nisimwambie mzee wa kanisa.

Nyuzi zenyewe hapa kwetu hazikai. Chumvi ya hewani pamoja na jasho zinazila upesi, kwa hiyo futa kila uzi kwa kitambaa cha pamba ukimaliza kupiga. Zile zenye utando ni ghali zaidi lakini zinadumu, na kwa Mombasa ningezinunua hizo. Gitaa usiliache ndani ya gari juani: gundi inalainika na daraja linabanduka.

Sasa malalamiko. Jumamosi huahirishwa kwa sababu ya harusi au matanga, na ujumbe unakufikia ukiwa umeshakaa kwenye foleni ya daraja la Nyali. Kundi lenyewe linachanganya anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza na anayepiga kila Jumapili, na wote wanapewa F ya kubana nyuzi zote sita. Wanaoanza wanaitazama mikono yao kwa huzuni. Karatasi za nyimbo ni fotokopi ya fotokopi, kodi zimeandikwa juu ya silabi isiyo yake. Na kuhusu kuunganisha gitaa na mitambo ya sauti sikufundishwa neno. Spika zilipoanza kupiga ukunga, aliyenisaidia ni fundi mitambo wetu, kwa kunionyesha kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa.

Anayeanza kabisa akae na video mpaka aweze kuhama G, C na D bila kusimama. Aliye tayari kwenye timu ya sifa aende hata kesho, achukue saa ya peke yake katikati ya wiki, alasiri, mama akiwepo nyumbani. Kundi la Jumamosi achana nalo. Na beba kapo yako, maana ya mwalimu springi imelegea na uzi wa kwanza unakwaruza.