Viatu vya mbio za milimani: nunua kwa mteremko, usinunue kwa jina

Kwanza hakikisha mbio zako ni za mlimani kweli. Kilimanjaro Marathon, pamoja na jina lake, hukimbiwa kwenye lami ya Moshi, na Lewa kule Kenya ni barabara za vumbi ndani ya hifadhi. Kote huko raba ya kawaida ya kukimbilia inatosha. Mwongozo huu ni wa anayekwenda kwenye njia za miguu: udongo mwekundu wa Usambara na Uluguru, changarawe za volkano za Meru na Longonot, majani na mawe ya Ngong. Ni wa mtu wa kilomita 15 hadi 40 mwenye kazi nyingine inayomlisha, anayetaka jozi moja tu.

Jozi hiyo ichague ukiwaza kushuka. Kwenye mpando mkali karibu kila asiye bingwa anatembea, na kiatu cha wastani kinavumilika. Kushuka ndiko mguu unakosukumwa mbele, kidole gumba kikagonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, soli ikatafuta pa kushika ikakosa. Kucha nyeusi na vifundo vilivyoteguka vingi huletwa na mteremko.

Vipimo vitatu vya kwenda navyo sokoni

Meno ya soli. Milimita 3 hadi 4 ni ya njia ngumu na kavu. 4 hadi 5 ni ya kila kitu. 6 na kuendelea ni ya matope. Huna haja ya kifaa: ingiza njiti ya kiberiti katikati ya meno mawili, weka alama kwa ukucha, kisha pima kwa rula.

Urefu. Achana na namba 42 au 8, kila kampuni ina yake. Jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, simama juu ya karatasi kisigino kikigusa ukuta, uweke alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe gumba). Kwenye lebo ndani ya ulimi wa kiatu tafuta sentimita, mara nyingi zimeandikwa CM au JP. Mguu wa sentimita 26 unataka kiatu cha 27. Ukivaa na soksi utakayokimbia nayo, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Altra Lone Peak ni sifuri, Hoka Speedgoat na Saucony Peregrine ni karibu milimita 4, matoleo mengi ya Brooks Cascadia karibu 8, Salomon Speedcross 10. Hakuna iliyo bora kwa wote, ila ukitoka kwenye raba ya milimita 10 ukaingia kwenye sifuri wiki tatu kabla ya mbio, misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino vitakulipisha.

1. Mtumba wa daraja la kwanza, meno 4 hadi 5

Kati ya chaguo sita, kuanzia bora hadi la mwisho, hiki ndicho tunachokiweka juu, na si kwa sababu ya bei tu. Memorial pale Moshi, Karume Dar, Gikomba na Toi Nairobi, viatu vya mlimani vya kampuni zenye sifa hupita kila wiki, na vingi vimetembezwa kidogo mno. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui tofauti ya soli ya mlimani na ya barabarani. Anapanga bei kwa jina na usafi. Kiatu chenye vumbi na mpira mzima ndicho cha kubembeleza bei.

Kikague hivi, bila haraka. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikilala upande, mwenye nacho wa kwanza alikikandamiza upande huo na wewe utalazwa vilevile. Linganisha meno ya chini ya vidole na yale ya katikati ya soli, ambayo huchakaa kidogo. Yakiwa yamepungua nusu, soli inaelekea kuwa kipara. Tazama sponji, ule mto ulio kati ya mpira wa soli na mguu, kwa ubavuni. Mikunjo midogo mingi ya kulala, kama ngozi ya mzee, ina maana imeshadidimia. Ibonyeze kwa gumba: ibonyee kidogo, irudi. Ikiwa ngumu kama kandambili iliyoanikwa juani mwaka mzima, iache.

Kunja mbele ya kiatu, uangalie pale soli inapokutana na ncha. Gundi huachia hapo kwanza. Mwanya wa sentimita moja si kesi, fundi viatu atausafisha, ataupaka gundi na kuubana usiku kucha. Akitaka kushona kuzunguka soli yote, mwambie kwanza achimbe mfereji ili uzi uzame, maana uzi ulio juu hukatwa na mawe siku ya kwanza. Kubandika soli ya tairi ni kuharibu kiatu: ni nzito, na kwenye mwamba uliolowa inateleza.

Jambo moja wengi hawalijui. Zipo sponji za poliyurethani, hasa kwenye buti za mlimani, ambazo huliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa macho ni kipya kabisa, halafu kilomita ya sita soli inamegeka kama keki kavu. Kama lebo ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na imepita miaka minane au kumi, usinunue hata ukipewa kwa bei ya karanga.

Mwisho omba maji. Mwaga kidogo kwenye sakafu laini au jiwe, simama kwa mguu mmoja, usukume mbele. Mpira mzuri unashika; mbaya unakwenda kama sabuni. Alama ya Vibram, ile pembenane ya manjano, ni dalili njema, lakini nayo inaigizwa. Amini maji.

2. Kipya cha aina hiyohiyo

Speedgoat au Peregrine mpya Marekani imekuwa ikiuzwa kati ya dola 130 na 160 hivi, kabla ya usafiri na ushuru. Unachopata zaidi ya mtumba ni sponji ambayo haijakanyagwa na mtu, yaani takriban kilomita 500 hadi 800 zote zako. Anayekimbia mara tatu au nne kwa wiki hasara yake si kubwa. Mwenye mguu mpana aanze na Altra. Anayependa cha nyumbani, Enda ya Kenya ilitoa kiatu cha njia za mlima kiitwacho Koobi Fora. Mwenye ndugu Dubai, London au Minnesota amwagize mfano wa mwaka uliopita. Ukitoka mpya, wa zamani hushushwa bei, na tofauti huwa ni rangi na milimita chache za sponji.

Kataa toleo lisilopitisha maji, hata muuzaji akilisifu vipi. Ukivuka kijito, maji yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea, unabaki unakimbia na ndoo mbili. Wavu wa kawaida unajimwaga ndani ya dakika chache.

3. Kiatu cha matope, meno 6 hadi 8

Kwa masika ya Lushoto au miteremko ya Rwenzori, ambako wapanda mlima huvaa gamubuti kabisa, hiki kinapanda hadi namba moja. Kwingine kinakuwa mzigo. Meno marefu yaliyoachana yanagusa mwamba kwa sehemu ndogo tu, na kwenye njia kavu yanayumba na kuliwa haraka.

4. Raba ya barabarani uliyo nayo

Kiangazi, njia pana, chini ya kilomita 20: kimbia nayo, pesa ya viatu iwe ya nauli. Usitumie ile yenye sponji nene na kipande kigumu cha kaboni ndani ya soli. Kwenye jiwe lililolala upande inapindua kifundo.

5. Buti za kupandia mlima

Ni za kutembea na mzigo. Shingo yake inakwangua kifundo ukikimbia, na ikilowa inakaa na maji siku nzima.

6. Kopi mpya inayong'aa

Ya mwisho, na kwa mbali. Hakuna jozi inayouzika haraka kama hii. Meno ni ya plastiki ngumu, sponji haina uhai, gundi moja ya kila kitu. Afadhali mtumba wenye doa.

Ukishanunua, kitembeze kilomita 50 hadi 80 kabla ya mbio, na angalau mara mbili kwenye mteremko mrefu. Tumia tundu la mwisho la kamba, lile la juu watu wanaloliruka: pitisha kamba kutoka nje kwenda ndani ubaki na kitanzi kila upande, vusha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, kisha funga. Kisigino kinakaa na vidole havifiki mbele. Baada ya mazoezi toa soli ya ndani inayokanyagwa na mguu, suuza mchanga, jaza magazeti na ukianike kivulini. Jua kali na jiko la mkaa hufungua gundi.