Uzoefu wangu na EliteBook 840 G3 iliyotumika: akaunti ya mtu mwingine, paswedi inayokataa na mafaili yasiyofunguka

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ni HP EliteBook 840 G3, skrini ya inchi 14, Core i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, SSD ya GB 256, na imenunuliwa katikati ya jiji la Mwanza kwenye duka la vifaa vilivyotumika. Kibodi bado imara, bawaba za skrini zimekaza. Ninachotaka kukiandika kwa kirefu ni akaunti. Laptopu za namna hii zilikuwa za maofisini kabla hazijapakiwa kwenye kontena, na ofisi huacha kufuli zake humo ndani. Anayejua kufuli ipi ni ipi anamaliza kazi kwa mchana mmoja. Asiyejua anazunguka kwa mafundi watatu, anatoa hela kila alipopita, na mashine inaendelea kumgomea.

Shida ya kwanza ni paswedi. Dukani unaandikiwa kwenye kikaratasi, nyumbani inakataa. Kabla ya kumlaumu muuzaji, tazama kibodi. Hii yangu ina alama ya £ juu ya 3 na alama ya kunukuu juu ya 2, yaani ni kibodi ya Uingereza, lakini Windows ilipangwa kwa kibodi ya Marekani. Kwenye mpangilio huo @ na alama ya kunukuu zimebadilishana nafasi. Paswedi ilikuwa na @, kwa hiyo kila nilipobonyeza kitufe chenye @ iliingia herufi nyingine, na kwa kuwa skrini inaonyesha vidoti tu, hakuna anayeona kosa. Bonyeza kijicho kilicho mwisho wa kisanduku cha paswedi, usome ulichoandika. Laptopu zilizotoka Ujerumani hubadilishana Z na Y, za Ufaransa A na Q. Mpangilio unabadilishwa hapo hapo kwenye skrini ya kuingilia, pale chini kulia palipoandikwa ENG.

Kuingia, hata hivyo, si kuimiliki. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike:

net localgroup administrators

Kama jina unalotumia halimo kwenye orodha, wewe ni mtumiaji wa kawaida tu, na msimamizi ni mtu mwingine. Utaandika barua na kuangalia video, lakini siku ya kufunga printa utaombwa paswedi ambayo huna. Amri nyingine ya kuangalia ni dsregcmd /status. Ikionyesha YES kwenye AzureAdJoined au DomainJoined, mashine bado imeunganishwa na ofisi ilikotoka.

Mafundi wengine huondoa paswedi ya akaunti ya zamani wakakurudishia mashine hivyo hivyo. Sishauri. Unabaki na mafaili ya mtu, akaunti ya mtu, na mipangilio ya ofisi usiyoijua. Kompyuta iliyotumika isafishwe yote, na barua au picha za mwenyewe wa kwanza zifutwe bila kupekuliwa.

Kusafisha kuna njia mbili. Ya haraka: kwenye skrini ya kuingilia, shikilia Shift, bonyeza alama ya kuzimia, chagua Restart, kisha Troubleshoot, Reset this PC, Remove everything. Haihitaji paswedi ya Windows. Inapokwama ni pale diski ilipofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, na mashine ikadai ufunguo wa tarakimu 48 uliobaki kwa mwenye zamani. Hapo usipoteze muda kukisia, nenda njia ya pili, ambayo mimi naiona bora hata bila BitLocker: kupiga Windows upya kwa flashi.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi. Bando liandae mapema, kwa sababu faili la Windows la kupakua ni GB kadhaa. Ili mashine iwake kwa flashi, kwenye HP bonyeza F9 mara tu baada ya kuwasha, kwenye Dell na ThinkPad ni F12. Ukifika kwenye orodha ya sehemu za diski, futa sehemu zote za Drive 0 mpaka ibaki nafasi tupu moja, ndipo uendelee. Kufuta sehemu hizo kunaondoa BitLocker pamoja na vyote vilivyofungwa nayo. Leseni usiihofie: ikiwa mashine ilikuwa na Windows Pro halali, ukirudisha Pro ile ile itajiwasha yenyewe ikipata intaneti, maana imefungamana na ubao mkuu. Ukipiga Home kwenye mashine ya Pro ndipo utaanza kusumbuliwa na maandishi ya kukudai ufunguo.

Sasa kufuli mbaya kuliko zote, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Mashine ya kwanza niliyopewa dukani ilifunguka vizuri kabisa, akaunti ya jina la duka, haina paswedi. Nikaomba isafishwe pale pale huku imeunganishwa na hotspoti ya simu yangu. Baada ya kuchagua nchi na kibodi, ikaleta skrini ya kunikaribisha kwenye kampuni fulani na kudai barua pepe ya kazi. Hiyo ni Autopilot, mfumo wa Microsoft wa kampuni kusimamia mashine zake. Utambulisho wa mashine uliandikishwa na kampuni ile kwenye mtandao wa Microsoft, si kwenye diski, kwa hiyo kubadili SSD au kupiga Windows mara kumi hakusaidii. Anayeweza kuifuta ni kampuni yenyewe.

Wauzaji wengi hupiga Windows bila intaneti, na bila intaneti skrini ile haitokei. Ukienda nayo nyumbani itafanya kazi miezi, hata ukiwa mtandaoni, kwa sababu ukaguzi ule hufanyika wakati wa kuanzisha Windows mpya tu. Siku itakapoharibika ukalazimika kuisafisha, ndipo inapokufungia. Kwa hiyo jaribio lifanyike dukani, intaneti ikiwa imewashwa, kabla hujalipa. Muuzaji wangu alibadilisha mashine bila maneno mengi, nami nilidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya laptopu. Anayetoka kisiwa cha Ukerewe alizingatie hili zaidi: kurudi dukani ni nauli ya kwenda na kurudi majini, na siku nzima imepotea.

Mashine ikikutokea hivyo, irudishe. Usitafute wa kuivunja. Huenda iliibiwa huko ilikotoka, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimchekei anayeingia kwenye kompyuta bila ruhusa.

Ukiwa bado dukani, bonyeza F10 wakati wa kuwasha uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine iliyo nje ya Windows. Ikidai paswedi, iache. Kwenye laptopu za ofisi paswedi hiyo imehifadhiwa kwenye chipu, haifutiki kwa kuchomoa betri ndogo kama ilivyokuwa kwenye kompyuta za mezani za zamani.

Hiyo betri ndogo, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa, ina shida yake, na mafundi wengi huipita. Mashine ya pili ilikataa kuingia kwenye akaunti ya Microsoft, ikisema hakuna mtandao, wakati mtandao upo. Saa ilikuwa inasoma mwaka 2016. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini bado ni 2016, inaviona vyote havijaanza na inakata mawasiliano. Rekebisha tarehe, jaribu tena. Ikirudi nyuma kila unapoizima na kuchomoa chaji, betri imekwisha. Ni ya volti 3, mara nyingi CR2032, ila kwenye laptopu huwa na vijiwaya viwili na plagi ndogo, basi nenda na ya zamani mkononi ukafananishe.

Kuhamisha mafaili kutoka diski ya kompyuta yangu ya zamani kulileta ujumbe kwamba sina ruhusa, ingawa jina la akaunti ni lile lile. Windows haiangalii jina. Inaangalia namba ndefu ya akaunti, SID, na kila akaunti mpya hupewa namba yake. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike, kwa mfano:

takeown /f "E:\Users\jina" /r /d y
icacls "E:\Users\jina" /grant Administrators:F /t

Amri ya kwanza inachukua umiliki wa folda na vilivyomo, ya pili inatoa ruhusa kamili. Folda yenye maelfu ya picha itachukua dakika kadhaa, usifunge dirisha. Na usiziendeshe kamwe kwenye C:\Windows, utavunja mfumo wenyewe. Faili lililofungwa kwa EFS, kufuli ya Windows ya faili moja moja, halitafunguka kwa njia hii, linahitaji cheti cha akaunti iliyolifunga.

Huduma ya kupiga Windows niliyoifuata baadaye kwa mashine ya pili ilikuwa ya haraka, lakini fundi aliacha akaunti moja tu, msimamizi, paswedi 1234. Nikatengeneza zangu mbili: ya msimamizi yenye paswedi ndefu, na ya kawaida ya kazi za kila siku. Ukimpelekea fundi, mwambie hivyo kabla hajaanza, na paswedi uiandike wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Jambo moja kuhusu modeli hii. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha sita cha Core hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Kama hela inaruhusu, tafuta ya kizazi cha nane, kama 840 G5. Kama hairuhusu, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, inakwenda vizuri kwenye G3, na mimi ndiyo niliyoiacha humo.